Mguu Kwanza, Kishoka Baadaye

Pale soko la Mpondwe wananiita Mama Kishoka. Wageni wanafikiri ni kwa sababu nauza chumvi ya mawe ya Katwe na kishoka hakitoki mkononi mwangu. Watu wa parokia ya Bwera wanajua vingine. Kwao mimi ndiye mwanamke aliyemkatia Mungu padri wake. Miaka mitano wamesema, na mimi, Kaswera Anastasie, ninayegombana hata na mbuzi akinusa meza yangu, nimenyamaza. Sasa mama yetu tumemzika Pasaka ya mwaka huu wa 1978, na ndugu yangu Thembo ameniambia kwa mdomo wake, "Yaya, sema. Umebeba ya kutosha." Kwetu yaya ni dada mkubwa. Basi nasema, na asiyetaka kusikia akanunue chumvi kwingine.

Tulivuka mpaka kutoka upande wa Beni mwaka 1964, wakati wa vita ya waasi. Baba alikuwa amekufa zamani kwa homa. Tulivuka watatu: mama yetu Sophie, mimi niliyekuwa mtu mzima tayari, na Thembo, aliyebatizwa Philippe, mtoto wa miaka tisa. Wiki ile vijana wenye mikuki walikuwa wameingia kanisani kwetu katikati ya misa wakamtoa padri. Thembo ndiye aliyekuwa anatumikia altareni, kengele mkononi. Alijitupa chini ya altare, nyuma ya kitambaa, na kutoka pale aliona miguu tu. Padri hatukumwona tena. Siku nne Thembo hakusema neno.

Mto Lubiriha tuliukuta umejaa. Mama alimbeba Thembo mgongoni, na katikati ya mto, maji yakiwa kifuani, akapiga kelele: "Bwana, huyu akivuka ni wako! Nitakupa awe padri!" Wakavuka. Mimi nilivuka nyuma yao na masufuria kichwani, na hakuna aliyeniwekea nadhiri yoyote.

Tangu siku ile nadhiri ya mama ikawa sheria ya nyumba. Tulipata mahali Bwera, nikaolewa na Bwambale, mkulima wa Mahango, nikaanza kuuza chumvi. Thembo akasoma, akafaulu, akapelekwa seminari ndogo, kule mbele ya Kasese. Jina la seminari sitalitaja, maana mapadri wake hawana kosa katika mambo haya. Kila likizo alirudi na sanduku lake la bati, amenyooka, mpole, anasema Kilatini kidogo mama akimwomba. Mama alikuwa anakaa mbele kanisani kama mama mkwe wa mfalme. Na kila muhula ulipokaribia kufunguliwa, Thembo aliacha kula. Mama alisema, "Mtoto anafunga, anajitayarisha." Nami nilisema chakula changu kinaharibika bure. Macho tulikuwa nayo, lakini hatukuona.

Januari ya 1973 alikuwa na miaka kumi na minane, amebakiza mwaka mmoja aende seminari kuu. Wiki tatu kabla ya kufunguliwa, alikuwa ananisaidia kupasua chumvi nyuma ya nyumba ya mama, Bwera.

Chumvi ya mawe inatoka Katwe katika mapande makubwa, mazito, meusi-meusi, na mtu mmoja hawezi kuyapasua vizuri. Mnakuwa wawili. Mmoja anashika pande lisimame, mwingine anapiga na kishoka. Anayepiga anaangalia mstari wa chumvi, haangalii mikono ya mwenzake. Ndiyo maana kuna sheria: anayeshika akishatoa vidole kwenye njia ya kishoka, anapiga mguu chini, pu! Hapo ndipo mwenzake anateremsha. Mguu kwanza, kishoka baadaye. Niliifundishwa na wanawake wa Kabatoro, na katika miaka yote ile sikuwahi kumkwaruza mtu hata ukucha.

Siku ile nilikuwa na hasira. Sikatai. Thembo alikuwa ameacha chakula tena, mihogo na samaki mzuri wa Kasenyi, na mimi nilikuwa ninamsema tangu asubuhi.

"Unakula kama kuku mgonjwa. Utafika seminari wafikiri hatuna jiko!"

Akashika pande la chumvi. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Yaya, na mutu akiwa padri, halafu bakuje kumuchukua?"

"Nani aje? Aka! Maswali gani hayo? Shika chumvi!"

Nikainua kishoka. Nikasikia mguu. Nikateremsha.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilianguka juu ya gunia, nusu nzima. Thembo hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele, mpaka majirani wakaruka ua. Yeye alikuwa anautazama mkono wake kwa utulivu, damu inaingia kwenye chumvi, chumvi inaingia kwenye kidonda, na hakusema hata "uh". Mama alitoka jikoni, akaona, akanirukia mimi kwa maneno.

"Hasira zako, Anastasie! Kila siku nakuambia, hasira hasara! Hukungoja mguu!"

"Nilingoja, mama! Nilisikia!"

"Ulisikia moyo wako mchafu! Mtoto angepiga mguu na kidole kikiwa pale? Ni mjinga?"

Nikamtazama Thembo aseme. Thembo akateremsha macho. Basi nikaanza kujiuliza. Labda sikusikia kitu. Labda nilikuwa nasema mno. Nikilala nausikia ule mguu, nikiamka siusikii tena. Baada ya siku tatu nilikuwa nimekubali kabisa kwamba ni mimi.

Sista wa dispensari alimshona. Halafu padri wetu wa Bwera akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti, akakataa chai. Padri yule hakuwahi kukataa chai. Akatueleza kwamba sheria ya Kanisa inataka padri awe na kidole gumba na kidole cha shahada vizima, kwa sababu ndivyo vinavyoshika Mwili wa Bwana na kuuvunja. Yeye hana uwezo wa kuamua. Thembo aende siku ya kufunguliwa kama kawaida, na barua. "Na wewe Anastasie utaenda naye. Padri Rekta atataka kumsikia aliyeshika kishoka." Padri Rekta ndiye mkuu wa seminari.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya hofu. Mama alianza kuogopa maji. Alimkataza Thembo kwenda kisimani. Mvua ikinyesha alimwita ndani, akamshika mkono mpaka iishe. Kwake ilikuwa wazi: mto ulimwachia mtoto kwa sharti, na sharti likivunjika, mto utamfuata. Siku ya safari alinivuta nyuma ya mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Rekta akimfukuza," aliniambia, "Mungu atakuja kuchukua chake. Akija, nitamuonyesha wewe."

Hayo aliniambia mama yangu mzazi. Nami niliogopa, wee! Sijawahi kuogopa hivyo hata siku za mikuki. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni, na nilijiona nimemuibia Mungu. Njia nzima nilikuwa naomba neno moja tu: wasimfukuze.

Tulipanda lori la pamba, tukakaa juu ya magunia, sanduku la bati katikati yetu. Thembo alikuwa amevaa shati jeupe na kaptula ya seminari, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, umezama mfukoni. Kabla ya Kasese tukakuta kizuizi cha barabara. Askari wanne, gogo katikati ya njia. Dereva alizima gari hata kabla hawajamwambia.

"Wote chini! Haraka! Wewe, toa mukono mufukoni!"

Thembo akautoa. Yule askari aliyeonekana mkubwa wao akafungua kitambaa mwenyewe, akaangalia. Siku zile walikuwa wanatafuta watu wa milimani waliokuwa wakipigana na serikali, na bunduki za kienyeji zilikuwa zinawalipukia mikononi.

"Kidole ya kufyatua iko wapi?"

"Kilikatika, afande."

"Kilikatika! Kilienda sokoni?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Unakaa na batu ya Rwenzururu? Sema!"

Hapo ulimi wangu ukanitoka kama kawaida yake. "Afande, huyu ni mutoto ya seminari! Ni mimi nimemukata! Na kishoka, kwa chumvi! Barua ya padri hii hapa, na kama unataka kufunga mutu, funga mimi!"

Dereva alifumba macho. Askari akanitazama mimi, akatazama tumbo langu, akakishika tena kidole cha Thembo, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, mimi iko jeshini miaka kumi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimeona vijana banajikata hii kidole, sababu banaogopa kwenda vita. Kidole ya ajali inakatika ovyo, mutu anakivuta. Hii haikuvutwa. Hii ilingoja." Akamrudishia Thembo mkono wake kama kitu kilichoanguka. "Pandeni. Enda."

Tukapanda. Lori lilikwenda labda maili tano ndipo nikamwangalia ndugu yangu. Alikuwa analia bila sauti, uso ameugeuzia pamba.

Sikumuuliza pale. Kulikuwa na watu, na kwa kweli niliogopa jibu.

Seminarini tulifika alasiri. Wavulana walikuwa wanaingia kutoka kila upande, masanduku kichwani, wanasalimiana, wanacheka, mmoja analia pembeni kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza. Bruda mmoja, mtawa wa pale, alikuwa mlangoni na daftari, anakagua miguu kama ina funza. Mwanamke haruhusiwi kupita ukumbi wa wageni, lakini njia ya jikoni haina Bruda. Nilimkamata Thembo kwa shati, nikamvuta nyuma ya jiko, penye rundo la kuni.

"Sasa sema. Ulipiga mguu?"

Akaangalia kuni.

"Thembo! Wiki tatu sijalala! Mama ameniweka mkononi mwa Mungu kama kuku wa sadaka! Ulipiga mguu ama hukupiga?"

"Nilipiga, yaya."

"Na kidole?"

"Nilikiacha."

Nilikaa juu ya kuni. Nilitaka kumpiga, haki ya Mungu, mkono ulikuwa umeinuka. Lakini aliendelea kusema, haraka haraka, na katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Nikifikiri altare, yaya, ninaona miguu. Kila siku. Wakinifundisha misa, nikiinama, naona ile miguu inakuja kwa kitambaa. Padri ndiye wa kwanza kutafutwa. Kule walimtafuta padri. Hapa sasa askari beko barabarani, na bamechukua watu Kasese, watu wakubwa, na hawarudi. Siwezi. Nilijaribu miaka sita, siwezi. Na mama nitamwambia nini? Alinivusha kwa neno hilo. Nikafikiri, kidole kikikosa, hakuna wa kulaumu. Itakuwa ajali tu."

"Hakuna wa kulaumu? Na mimi ni kuni?"

Akapiga magoti. Pale pale, kwenye majivu, na kaptula nyeupe.

"Usiseme, yaya. Rekta akijua nilijikata ni dhambi kubwa, watamwandikia padri wetu, itasomwa Bwera yote. Mama atakufa. Sema ni wewe. Watanirudisha nyumbani, itakwisha. Nakuomba."

Nilimtazama pale majivuni. Niliona mtoto wa miaka tisa, yule wa siku nne bila neno, na nikakumbuka swali lake pale kwenye chumvi na jibu nililompa. Bambi, maskini. Hasira ikanitoka yote, ikabaki hofu tupu. Nikamwambia, "Inuka. Jipanguse magoti. Nitasema ni mimi."

Padri Rekta alikuwa Mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekaa Afrika mpaka Kiswahili chake kikawa kizuri kuliko changu. Alisoma barua ya padri wetu mara mbili. Akafungua kabati, akatoa hostia moja kubwa, ambayo haijawekwa wakfu, akaiweka kwenye kisahani.

"Philippe. Ivunje kama ulivyoona padri anavunja."

Thembo akaishika kwa gumba na kidole cha kati. Ilivunjika vibaya. Chembe ziliruka mezani, nyingine sakafuni. Rekta akainama, mzee yule, akaziokota moja moja kwa ncha ya kidole chake. Nikajua imekwisha. Nikamwona Thembo mabega yake yanashuka kidogo, kama mtu anayetua mzigo.

Halafu Rekta akachukua kitabu cha Injili, akakiweka mbele yangu.

"Mama, weka mkono. Mbele ya Mungu, ilikuwaje?"

Mkono ulikuwa mzito. Mtoto tumboni aligeuka. Nikauweka juu ya kitabu, nikasema, "Padri, naapa. Nilikuwa na hasira. Nilipiga kabla ya mguu. Kosa ni langu peke yangu."

Rekta akavuta pumzi ndefu, na kumbe, akatabasamu.

"Deo gratias, Mungu ashukuriwe. Nilikuwa ninaogopa jambo lingine. Mtu akijikata mwenyewe, mlango unafungwa. Lakini aliyekatwa kwa ajali, askofu anaweza kumwombea ruhusa Roma, na Roma inatoa. Tutamfundisha kutumia kidole cha kati. Nimeona mkono wake, atajifunza." Akasimama, akamwekea Thembo mkono begani. "Karibu nyumbani, Philippe. Muhula umeanza. Kengele ikilia mafungo yanaanza, kwa hiyo muage dada yako sasa."

Ee Yesu Maria! Nilikuwa nimemfungia mle ndani kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya Injili. Njia nzima nilikuwa nimeomba wasimfukuze, na sasa nimepewa. Nilimtazama Thembo. Uso wake ulikuwa ule wa 1964. Akafungua mdomo, na kengele ikalia.

Kengele ya mafungo ikilia, seminari nzima inanyamaza. Siku tatu hakuna neno, hata "pole", hata mtu akikukanyaga. Bruda alikuja akamchukua Thembo kwa mkono, mwingine akanionyesha mlango wa nje, kwa heshima. Nikajikuta barabarani, mbele ya ua wa michongoma, na mkoba wangu.

Lori lilikuwa linarudi jioni hiyo. Nilijiambia, Anastasie, nenda nyumbani. Mama atafurahi, atacheza ngoma. Mto umelipwa. Wewe utasamehewa, na yeye atazoea. Nilitaka kuingia mle nikapige kelele mpaka mabati yatoke, lakini nilikuwa nimempa ahadi kwenye majivu, na ukweli ule ulikuwa wake. Nikiusema bila yeye, nitakuwa kweli nimepiga kabla ya mguu. Kwa hiyo nilishika ua kwa mikono miwili, miiba ikaniingia, nikangoja. Mimi, kungoja!

Wavulana walitoka mabwenini, mstari mmoja, kuelekea kanisani. Kimya kabisa, viatu tu juu ya changarawe. Walipita karibu na ua. Thembo alikuwa karibu na mwisho. Aliniona. Macho yake yalikuwa makubwa, na midomo imefungwa kwa sheria. Akapita mbele yangu hatua moja, mbili, tatu. Nikasema moyoni, basi, amekubali.

Halafu akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakagongana. Akanigeukia, akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka kifuani ambapo kila mtu angeweza kuuona, na akapiga mguu chini. Pu!

Nilipita lango, nikampita Bruda aliyeinua mikono miwili bila kuweza kusema neno kwa sababu ya mafungo, nikapanda ngazi za ukumbi ambazo mwanamke hapandi, nikapiga mlango wa Rekta kwa ngumi.

"Padri, nimeapa uongo. Alipiga mguu. Alikiacha kidole kusudi. Nifukuze mimi, nifunge, lakini muulize kitu kimoja ambacho mama yangu hakumuuliza, wala mimi, wala nyinyi wote. Muulize kama anataka."

Rekta alimwita. Alifunga mlango na mimi ndani, akamuuliza. Thembo alisimulia yote, kengele, kitambaa, miguu. Hakuacha mpaka mwisho. Nilifikiri mzee atakasirika. Alivua miwani, akaiweka mezani. Ndipo akasema kwamba na yeye kila usiku anasikiliza magari, kama yatasimama langoni kwake.

Thembo aliungama kwake, na mimi nikaungama uongo wangu. Kitubio changu kilikuwa kirefu, nilistahili. Kuhusu barua ya kwenda Bwera, Rekta alisema, "Nitaandika kwamba kidole hakifai kwa altare. Hilo ni kweli, na hawahitaji zaidi. Lakini mama, watakulaumu wewe."

"Wamezoea," nilimwambia.

Tulirudi kesho yake na sanduku la bati. Mama hakupiga kelele kama nilivyofikiri. Aliingia ndani, akajifunika, akakaa siku mbili. Mwaka mzima hakuvuka hata kijito bila kumshika Thembo nguo. Hakuna mto uliokuja. Thembo alihamia Mahango karibu na shamba la mume wangu, akapanda kahawa, akaoa, akapata mtoto wa kike. Jumapili anakaa karibu na mlango wa kanisa, na anakula, asante Mungu, anakula mpaka anamaliza. Siku za soko anashuka kunisaidia kushika chumvi.

Mama aliugua kabla ya Pasaka. Siku moja alasiri tulikuwa wawili tu ndani, ninampangusa miguu. Alikuwa hajaniuliza jambo lile tangu 1973. Akashika mkono wangu, mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Anastasie, mutoto wangu. Ninaenda kumuona Mungu, atanidai ile nadhiri. Niambie ukweli, nijue la kumujibu. Siku ile, ulingoja mguu?"

Thembo alikuwa nje, ninamsikia anapasua kuni.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Sikungoja."